Mikono ya Natalie Hinderas

Mguu mmoja chini, makofi mawili. Ndivyo Robert Nathaniel Dett alivyoieleza Juba, ngoma ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, alipoiweka mwishoni mwa In the Bottoms, mfululizo wa tungo tano za piano alioutoa mwaka 1913. Kwenye ngoma yenyewe hapahitajiki ala yoyote: mmoja anakanyaga na kupiga makofi, mwingine anacheza. Kwenye piano kazi yote hiyo inaangukia vidole kumi vya mtu mmoja aliyeketi. Mkono wa kushoto ndio mguu na ndio makofi. Wa kulia unakwenda mbio na lahani ya kichangamfu, kama ya fidla. Nota zenyewe si ngumu kupindukia, mwanafunzi wa miaka michache huzisoma. Ugumu uko kwenye uzito wa mkono. Kushoto kukizidi, ngoma hugeuka gwaride la askari. Kukipungua, lahani hubaki hewani, haina pa kukanyaga.

Natalie Hinderas aliirekodi Juba kwenye santuri iliyotoka mwaka 1971, na kila ninapoisikiliza ni ule mkono wa kushoto unaonivuta. Hauombi kusikilizwa. Upo tu, mkavu, wenye uhakika, na kwa sababu upo, mkono wa kulia unaweza kufanya utundu wake. Percy Grainger, Mwaustralia aliyekuwa nyota wa majukwaa enzi za Dett, aliipenda Juba na kuipiga mara nyingi, hadi ikawa kipande cha kuwaagia wasikilizaji baada ya kazi nzito kwisha. Watu wakaijua Juba wasimjue Dett. Hinderas aliupiga mfululizo mzima, kuanzia utangulizi wake wa usiku, kwa hiyo ngoma inapofika mwisho inafika ikiwa na kijiji chake, asubuhi yake na nyimbo zake. Huo ni uamuzi wa mpangilio zaidi ya uamuzi wa vidole, nao unaeleza mengi kuhusu namna mwanamke huyu alivyoielewa kazi yake.

Alizaliwa tarehe 15 Juni 1927 katika mji mdogo wa Oberlin, jimbo la Ohio, akiitwa Natalie Leota Henderson. Mama yake alikuwa mpiga piano na mwalimu wa piano. Baba alikuwa mwanamuziki wa jazi. Mtoto aliyekulia katika nyumba kama hiyo hafundishwi kwamba kuna muziki wa heshima na muziki wa mitaani. Mwaka 1945, akiwa na miaka 18, alihitimu katika chuo cha muziki cha mji huohuo.

Oberlin inastahili kutazamwa kidogo. Chuo hicho kilianza kupokea wanafunzi weusi tangu mwaka 1835, wakati ambapo katika majimbo mengi ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la jinai. Dett alihitimu hapo mwaka 1908. William Grant Still, ambaye baadaye aliitwa mkuu wa watunzi weusi wa Marekani, alisoma hapo kwa vipindi. George Walker alihitimu hapo mwaka 1941, naye akiwa na miaka 18. Olly Wilson alifundisha hapo katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Watunzi wote hao wanne wamo kwenye santuri ya Hinderas. Akikusanya kazi za nchi nzima, kwa kiasi fulani alikuwa pia anakusanya majirani.

Kutoka Oberlin alikwenda New York, shule ya Juilliard, kwa Olga Samaroff. Mwalimu huyu hakuwa Mrusi hata chembe: alizaliwa Texas akiitwa Lucy Hickenlooper, na jina la Samaroff alilivaa kwa sababu ulimwengu wa maonyesho haukuamini kwamba binti wa Texas anaweza kumpiga Chopin. Mwanafunzi wake Henderson naye akatokea jukwaani akiitwa Hinderas. Samaroff alifariki mwaka 1948, na Hinderas akahamia kwa Edward Steuermann, Philadelphia.

Hapa ndipo ninapoona mlango wenyewe. Steuermann alikuwa amesoma kwa Busoni na kwa Schoenberg. Ndiye aliyekaa kwenye piano siku Pierrot lunaire ya Schoenberg ilipotolewa kwa mara ya kwanza, Berlin, mwaka 1912, na ndiye aliyeipiga kwa mara ya kwanza koncheto ya piano ya Schoenberg, yaani kazi ya piano na okestra, mwaka 1944. Alikuwa mtu aliyezoea kupokea karatasi ambayo hakuna mwingine duniani aliyewahi kuipiga. Aliyekaa kwa mwalimu wa namna hiyo hujifunza jambo ambalo Chopin hawezi kumfundisha: kuusoma ukurasa mpya bila woga, na bila dharau pia.

Maana kupiga kazi isiyojulikana ni ufundi wa peke yake. Anayejifunza sonata ya Beethoven hajifunzi peke yake. Chapa aliyonayo imeshaandikwa namba za vidole na wahariri wa vizazi kadhaa, gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5. Mwalimu wake aliipiga, na mwalimu wa mwalimu wake. Rekodi zipo za kila aina, za haraka na za polepole, na kijana akikwama mahali anasikiliza watu kumi walivyopita pale. Hata akiipiga vibaya, msikilizaji anaisahihisha kichwani, kwa kuwa anaijua. Beethoven hadhuriki na onyesho baya la Jumamosi.

Kazi mpya haina ulinzi huo. Mpigaji akiiharibu, msikilizaji hamlaumu mpigaji; anamlaumu mtunzi, kisha haisikilizi tena. Kwa hiyo kila kitu kinapimwa upya: sentensi ya muziki inavuta pumzi wapi, sauti ipi kati ya nne zinazolia pamoja ndiyo inayobeba maana, pedali inyanyuliwe kabla ya badiliko au baada yake. Namba za vidole anaziandika mwenyewe kwa penseli, anazifuta, anaziandika tena. Na baada ya jasho lote hilo lazima apige kana kwamba utungo ule umekuwapo siku zote. Akionyesha kwamba anatafuta njia, wasikilizaji wanapotea pamoja naye.

Hinderas alikuwa na kipaji cha kuonyesha njia. Lakini alichukua muda mrefu kabla ya kukitumia kwa watunzi weusi, na sababu yake ilikuwa soko. George Walker alionyeshwa soko hilo mapema. Alipiga katika ukumbi wa Town Hall, New York, mwaka 1945, mwaka huohuo akiwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Curtis, shule iliyochuja wanafunzi kuliko karibu zote, baada ya kusoma piano kwa Rudolf Serkin. Bado mawakala wakamwambia kwamba mpiga piano mweusi ni mgumu kuuzika. Waimbaji weusi walikuwa wameshakubalika kwa shingo upande. Marian Anderson alikuwa na jina duniani kote. Mpiga piano mweusi alitarajiwa apige jazi. Mwanamke mweusi wa kupiga piano ya klasiki hakuwa na kiti kilichoandaliwa popote.

Hinderas alikitafuta kwa njia zilizokuwapo. Alipata mkataba na kampuni ya utangazaji ya NBC na kuonekana kwenye televisheni miaka ya mwanzo ya chombo hicho. Mwaka 1954 alipiga Town Hall. Alitumwa na serikali ya Marekani kwenye ziara za nje, enzi ambazo Washington ilipenda kuonyesha wasanii weusi ng'ambo huku nyumbani wakikaa nyuma ya basi. Katika miaka hiyo yote programu zake zilikuwa zile za kila mpiga piano mkubwa. Simlaumu. Mtu anayeshukiwa kwamba hawezi kumpiga Mozart lazima kwanza ampige Mozart, tena vizuri kuliko anayemshuku.

Badiliko lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, alipozunguka vyuo vya watu weusi vya kusini akipiga kazi za watunzi weusi na kuzieleza. Kisha ikaja ile santuri, sahani mbili, kampuni ya Desto: Natalie Hinderas Plays Music by Black Composers. Watunzi tisa, kutoka Dett hadi vijana waliokuwa bado hawajafika miaka 35.

Angeweza kuifanya iwe rahisi. Mwaka 1971 wanunuzi wengi walikuwa tayari kwa muziki mweusi wenye sura waliyoizoea, nyimbo za kiroho zilizopangwa kwa piano, sinkopa kidogo, machozi kidogo. Hizo hazikosekani kwenye sahani zile. Scuppernong ya John Wesley Work wa tatu, aliyewaongoza waimbaji wa Fisk Jubilee Singers, imejaa kanisa na michezo ya watoto ya kusini. Three Visions ya Still ina ile Summerland, tulivu na tamu, ambayo hata asiyependa muziki wa karatasi ataipenda. Lakini karibu nusu ya mkusanyiko ni muziki mgumu wa zama zake, na Hinderas haombi radhi kwa hilo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Chukua Evocation ya Hale Smith, ya mwaka 1965. Ni fupi, dakika chache tu, nayo imejengwa kwa mfumo wa sauti kumi na mbili, ule wa Schoenberg, ambapo sauti zote kumi na mbili zinapangwa kwa foleni moja na utungo mzima unatoka kwenye foleni hiyo. Wengi wakisikia maelezo hayo hufikiri hesabu. Ila Smith alikuwa mtu wa Cleveland aliyefanya kazi na wanamuziki wa jazi, na ndani ya hesabu yake kuna mwendo wa jazi uliofichwa, si mapigo yenyewe bali namna sentensi inavyochelewa kidogo kisha kujirusha. Mpigaji ana mitego miwili. Akiuleta mwendo ule mbele, utungo unakuwa mzaha. Akiuficha kabisa, unakuwa mtihani wa chuo. Hinderas anaupitisha katikati, na nadhani waliokuwa na uwezo huo wakati ule walikuwa wachache sana: binti wa mwanajazi aliyefundishwa na mwanafunzi wa Schoenberg.

Au chukua kazi ya Olly Wilson, ya mwaka 1969, kwa piano na sauti za elektroniki. Nyuzi za piano zinatayarishwa kwanza kwa vitu vinavyobadilisha mlio wake, halafu mpigaji anacheza sambamba na mkanda uliorekodiwa. Mkanda una tabia moja mbaya: haumsubiri mtu. Okestra ina kondakta, na kondakta mzuri huona mpiga piano akivuta pumzi, naye huvuta naye. Mwimbaji akichelewa, mpigaji humfuata. Mkanda unakwenda zake, uwe umefika au hujafika. Kwa hiyo uhuru wote inabidi utafutwe ndani ya sekunde zilizokwisha kupimwa, na kinachostaajabisha kwenye rekodi hii ni kwamba piano inasikika kama ndiyo inayouongoza mkanda. Haiwezekani, bila shaka. Ndivyo inavyosikika lakini. Mtu hupata hilo kwa kuusikiliza mkanda hadi unahamia mwilini, akajua kila mlio dakika zake, akawahi pale anapotaka kuonekana amejibiwa.

Yupo pia Stephen Chambers, aliyekuja kuitwa Talib Rasul Hakim, ambaye Sound-Gone yake inamtaka mpigaji aache vibao vyeusi na vyeupe na kuingiza mikono ndani ya piano, juu ya nyuzi zenyewe. Mpiga piano aliyelelewa vizuri huona aibu kufanya hivyo. Anahisi kama anapekua chumba cha mwenyeji wake. Aibu hiyo ikisikika, kazi imekwisha. Hinderas anazigusa nyuzi kwa umakini uleule anaogusia vibao.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 1971 alipiga koncheto ya kwanza ya Alberto Ginastera, Mwajentina, na Philadelphia Orchestra. Ni kazi ya mwaka 1961, kali, ambayo sehemu yake ya mwisho inamkimbiza mpigaji kwa nguvu zinazotisha. Magazeti yalitaja kwamba ni mwanamke mweusi wa kwanza wa piano kupiga katika mfululizo wa kawaida wa maonyesho ya okestra kubwa ya Marekani. Alikuwa na miaka 44. Mimi ninachokitazama ni uchaguzi wa kazi: mlango ulipofunguka hatimaye, hakuingia na Tchaikovsky.

Upande wa pili wa maisha yake ulikuwa darasani. Kuanzia mwaka 1966 alifundisha Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, na aliendelea mpaka alipofariki. Kwa kazi zisizojulikana, darasa ni muhimu kuliko jukwaa. Onyesho hupita, na santuri huisha. Ile ya Desto ilipotea madukani mpaka kampuni ya CRI ilipoitoa tena miaka ya 1990. Kinachobaki ni wanafunzi wenye utungo huo mikononi. Waliokulia kwenye kwaya za kwetu wanalijua hili bila kuambiwa: wimbo ambao mwalimu aliuandika kwa do-re-mi ubaoni, bila kuchapishwa popote, unaishi hadi leo kwa kuwa kijana mmoja wa besi aliunakili kwenye daftari, akahamia parokia nyingine na daftari lake.

Mwanafunzi wake aliyejulikana zaidi ni Leon Bates, kijana wa Philadelphia, mpiga piano mwenye mwili wa mnyanyua vyuma, maana vyuma alivinyanyua kweli, jambo lililowashangaza waandishi waliokuja kumhoji kuhusu Beethoven. Bates aliingia katika maisha ya jukwaa akiwa na kitu ambacho mwalimu wake alikipata kwa kuhangaika: kwake kazi za Walker zilikuwa sehemu ya masomo ya kawaida, pamoja na Chopin na Ravel, wala hazikuwa hoja ya kutetewa. Adolphus Hailstork alipoandika koncheto ya piano mwaka 1992, Bates ndiye aliyeitoa kwa umma.

Kufundisha kazi za namna hii kunadai subira ya aina nyingine. Mwanafunzi akiletewa Chopin anakuja tayari na hamu. Amewahi kumsikia, anataka kumfikia. Akiletewa sonata ya kwanza ya Walker, ya mwaka 1953, anauliza kwanza itamsaidia wapi, kwenye shindano gani. Mwalimu lazima ampigie, na ampigie vizuri, papo hapo, bila kujitayarisha, hadi hamu izaliwe. Sehemu ya pili ya sonata hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Walker alichukua wimbo wa jadi kutoka Kentucky, wa mapenzi yaliyovunjika na mti wa kando ya maji, akauweka wazi mwanzoni, halafu akaugeuza mara sita. Kila mgeuzo unaficha lahani mahali pengine: mara imo katikati ya sauti nzito, mara imevunjwa vipandevipande juu kabisa. Kazi ya mwanafunzi ni kuisaka na kuipa uzito kidogo tu kuliko zilizoizunguka, kwa kidole kimoja cha mkono ambao vidole vingine vinne vina shughuli nyingine. Inachukua wiki. Mwalimu aliyewahi kuisaka mwenyewe bila rekodi ya kumsaidia anajua hasa wiki hizo zinakwenda wapi.

Walker alijua alichokipata kwa Hinderas. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga piano wa daraja la juu, na mtunzi mwenye mikono ya namna hiyo kwa kawaida hujiandikia. Koncheto yake ya piano ya mwaka 1975 alimwandikia Hinderas. Waliirekodi Detroit, okestra ya mji huo ikiongozwa na Paul Freeman, kwa ajili ya mfululizo wa santuri tisa za watunzi weusi uliotolewa na Columbia katika miaka ya 1970. Ni muziki usiobembeleza, wenye kona kali na kimya cha ghafla, na sehemu ya piano imeandikwa na mtu aliyejua hasa atakayeipokea: miruko mipana inayodai macho yasitazame mkono, sauti nzito zinazopaswa kukatwa kwa wembe, halafu mstari mmoja mwembamba unaoimba peke yake huku okestra ikingoja.

Hinderas alifariki Julai 1987, akiwa na miaka 60. Walker aliishi hadi 2018. Mwaka 1996 alipata Tuzo ya Pulitzer ya muziki, mtunzi mweusi wa kwanza kuipata, na tangu hapo wapiga piano vijana wameanza kuzitafuta sonata zake tano. Wengi huanza na rekodi kabla ya karatasi, kama ilivyo desturi sasa. Rekodi wanayokutana nayo, wakiitafuta ile sonata ya kwanza, mara nyingi ni ile ya Desto, ya mwalimu wa Temple. Wanamsikia alivyovuta pumzi kabla ya mgeuzo wa tatu, na wengine wanaandika kwa penseli zao papo hapo.